Anza na Mabomba, Vyumba Vitafuata

Pita kwenye kiwanja chochote kinachojengwa Bunju, Kigamboni au Kibaha, utaona kazi ileile ikifanywa mara mbili. Mwashi amesimamisha ukuta, amepiga plasta, amenyoosha kwa rula mpaka unapendeza. Kisha anakuja fundi bomba na tindo, anautindua kutoka chini hadi juu apitishe bomba la maji. Akimaliza, fundi umeme anatindua upande wa pili apitishe paipu za waya. Mwashi anaitwa tena kuziba. Saruji imelipiwa mara mbili, ufundi umelipiwa mara mbili, na ndani ya ukuta yamezikwa maungio ambayo hakuna aliyeyapima. Baada ya miaka michache rangi inaanza kuvimba karibu na bafu, na tindo linarudi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka nyumba ndogo anayoimudu, isiyokula umeme ovyo, na ambaye yuko tayari kubadili mpangilio wa kazi. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ngumu ya nyumba itengenezwe kwanza, tena karakana: bafu, choo, jiko, mabomba yote, mein swichi na breka zake. Vyote vifungwe kwenye fremu moja, vipimwe, viletwe kiwanjani kwa lori vikiwa tayari kuunganishwa. Vyumba vya kulala na sebule vijengwe kando yake na mafundi wa mtaani, kadiri mfuko unavyoruhusu. Hiyo sehemu inayotoka karakana nitaiita kiini.

Wazo hili lina historia ndefu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilijenga zaidi ya nyumba 150,000 za muda, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na jiko na bafu vilivyopeana mgongo, katikati ukiwa ukuta mmoja wenye mabomba yote, uliotoka kiwandani umekamilika. Nairobi, mradi wa Dandora ulioanza katikati ya miaka ya 1970 uligawa viwanja karibu 6,000 vikiwa na choo na bafu vilivyokwisha kuunganishwa na maji safi na maji taka. Vyumba wenye viwanja walijenga wenyewe. Hata kujenga kwa kipimo kinachojirudia ni jambo la kwetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, usiozidi sana mita 3. Kwa nyumba yako, kipimo hicho kitatoka kwenye upana wa lori, na lori la kawaida linabeba kwa raha kitu chenye upana wa mita 2.4.

Jua na upepo kabla ya ramani

Kabla hujamwita mchoraji, simama kiwanjani asubuhi na alasiri ujue jua linapita wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni jua linakuwa upande wa kaskazini, kwenye pembe ya nyuzi 60 hivi kutoka ardhini. Desemba linahamia kusini na linakuwa juu zaidi. Jua la namna hiyo ni jepesi kulizuia. Paa likitokeza sentimita 70 nje ya ukuta wa kaskazini, hata mchana wa Juni linatia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta ulio chini yake. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la alasiri, maana linakuja chini na kupenya chini ya paa lolote. La alasiri ndilo baya zaidi, kwa kuwa linaikuta nyumba imeshapata joto la kutwa. Kwa hiyo ilaze nyumba kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko.

Sasa fikiria upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kati ya Desemba na Machi. Kusi inashika zamu kuanzia Aprili, ikitoka kusini na kusini mashariki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoka magharibi. Hapo ndipo kiini kinapopata mahali pake: mwisho wa magharibi wa nyumba. Kikikaa huko, kinapokea jua la alasiri badala ya vyumba vya kulala, na moshi wa jiko, joto lake na harufu ya choo vinapeperushwa nje msimu wowote badala ya kuzunguka sebuleni. Mnara wa simtanki uweke upande huohuo, na mwarobaini au mwembe kando yake. Kwa uamuzi huu, ambao haugharimu hata shilingi, utakuwa umeokoa umeme hata kabla ya kununua kifaa chochote dukani.

Ukijenga Njombe, Mbeya, Limuru au Eldoret, geuza hesabu. Huko joto la alasiri linahitajika chumbani usiku, hivyo acha chumba cha kulala kipate jua la magharibi, jenga kuta nzito za tofali la kuchoma au mawe, na kiini kikae upande unakotoka upepo wa baridi.

Ndani ya kiini

Chukua kiini chenye upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.2. Upande mmoja ni bafu na choo, upande wa pili ni jiko, na katikati kuna ukuta wa mabomba wenye unene wa sentimita 25. Kila kinachobeba maji kimeegemea ukuta huo: sinki la jiko huku, beseni la kunawia, bomba la manyunyu na flashi ya choo kule. Hakuna bomba la maji moto linalozidi mita 2 au 3.

Urefu huo una maana kubwa. Bomba la PPR la milimita 25 linabeba takriban lita 0.2 kwa kila mita. Hita ikiwa mita 10 kutoka bafuni, kila unapofungua unamwaga lita 2 za maji baridi kabla ya moto kufika, na ukifunga unaacha lita 2 za moto zipoe ukutani. Zidisha kwa watu wanne, asubuhi na jioni, mwaka mzima, tena kwenye mtaa ambao maji huletwa kwa boza.

Ukuta wa mabomba uwe na milango. Hili naomba usikubali kulipuuza hata fundi akikuambia litaharibu urembo. Upande wa jiko, chini ya sinki, weka mlango wa bodi unaofunguka kwa skrubu nne, ili mtu aingize mkono na bisibisi hadi kwenye kila ungio na kila vali. Kila tawi liwe na vali yake: jiko, bafu, hita, na tawi la baadaye. Bomba likivuja usiku, unafunga tawi moja tu na nyumba nzima inaendelea kupata maji.

Maji taka yana masharti yake. Bomba la inchi 4 la choo linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo kama shimo liko umbali wa mita 12, bomba litashuka sentimita 30. Pima hilo kabla ya kuamua kimo cha sakafu, maana kiini kikishakaa hakinyanyuliwi. Bomba la kupumulia lipande hadi juu ya paa. Maji ya kuogea na kufulia yatenganishwe na ya choo tangu ndani ya kiini, hata kama leo yote yanaishia shimo moja. Siku utakapotaka kumwagilia migomba, bomba lake liko tayari.

Upande wa umeme, mein swichi ikae upande wa jiko, mahali pakavu, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Ndani yake iwepo breka ya miliampia 30, ile inayokata umeme mtu anapopigwa shoti. Bafuni ni suala la uhai. Taa zipitie waya wa milimita 1.5, soketi 2.5, na hita ya papo kwa papo, ukiamua kuiweka, ipate waya wake wa milimita 6 na breka yake peke yake. Acha nafasi tupu za breka, walau theluthi moja ya zote, kwa ajili ya vyumba vitakavyokuja. Pitisha pia paipu tupu mbili kutoka paani hadi karibu na mein swichi, kwa sola ya baadaye. Paipu hizo ni za bei ndogo leo. Ukizihitaji baada ya miaka mitano, utarudi kwenye tindo.

Betri za sola hazipendi joto. Zipange kwenye ukuta wa ndani wenye kivuli na hewa, zisiwe juu ya jiko wala kwenye ukuta wa magharibi.

Maji moto, pangaboi na yuniti

Watu wengi wakisikia nyumba isiyokula umeme hufikiria taa. Taa za LED zimeshamaliza tatizo hilo. Kinachomaliza LUKU au tokeni ni joto: kupasha maji, kupoza chumba, kupika.

Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 38 kunahitaji takriban yuniti 0.3. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 ikiachwa wazi dakika 10 inakula yuniti 0.9. Watu wanne wakioga hivyo mara moja kwa siku, ni zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi kwa kuoga peke yake. Kwa miaka mingi yuniti 75 kwa mwezi ndizo zilizotenganisha bei nafuu na bei ya kawaida kwa wateja wadogo wa TANESCO. Familia yenye hita hiyo imeshaupita mpaka kabla ya kuwasha friji. Pwani, hita ya jua ya lita 100 au 150 juu ya paa la kiini inatosha nyumba ya watu wanne. Bomba lake linashuka moja kwa moja kwenye ukuta wa mabomba, na likifungwa sponji ya kuzuia joto lisipotee, maji ya saa 10 jioni bado ni moto saa 3 usiku.

Angalia kimo cha tanki. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1 ya msukumo. Simtanki lenye kitako mita 3 kutoka ardhini, na bomba la manyunyu likiwa mita 2, linakupa bar 0.1 tu, maji yanachuruzika, na hita nyingi za papo kwa papo hata haziwaki. Nyanyua mnara ufike mita 5 au 6. Pampu ndogo inaweza kufanya kazi hiyo, lakini itawaka kila mtu anaponawa mikono, na umeme ukikatika utakosa na maji. Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo mnara uwe na msingi wake. Usilipandishe juu ya kiini.

Kuhusu kupoza: pangaboi la wati 60 likizunguka saa 8 linakula karibu nusu yuniti. Kiyoyozi kidogo kwa saa hizohizo kinakula yuniti 4 au zaidi. Kama kuna mgonjwa au mtoto mchanga na kiyoyozi ni lazima, chagua chumba kimoja kidogo, kizibe vizuri milango, madirisha na dari, na nyumba iliyobaki iachwe ipitishe upepo. Kumbuka wavu wa mbu unapunguza upepo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo dirisha lenye wavu liwe pana kuliko unavyodhani linatosha, na kila chumba kiwe na uwazi pande mbili.

Jikoni, weka soketi mbili zenye tawi lake kwa ajili ya jiko la umeme la presha. Sufuria ya maharage kwenye jiko hilo inaiva kwa chini ya yuniti moja, na unaachana na gunia la mkaa. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta, kwenye kibanda chenye hewa.

Paa, halafu kuta

Jua la mchana angavu linatoa karibu kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 80 linapokea kilowati 80. Bati jeupe au la rangi ya maziwa likiwa jipya linarudisha sehemu kubwa ya joto hilo angani. Bati la kahawia, damu ya mzee au kijivu iliyokolea linalimeza karibu lote. Nasikitika kila ninapoona mtaa mpya mzima, katika joto la Dar, umeezekwa kwa rangi za giza kwa sababu ndizo za fasheni. Chagua bati jeupe. Chini yake acha nafasi, tandika karatasi inayong'aa ya kurudisha joto, piga dari, na acha matundu kwenye kingo na kileleni ili hewa ya moto ipande itoke. Pesa yoyote ya kuzuia joto ianzie darini, kuta zitasubiri.

Kwa sababu hiyohiyo, sishauri kontena la meli kama nyumba ya pwani. Watu wanavutiwa nalo kwa kuwa upana wake wa mita 2.44 unafanana na moduli iliyokwisha kutengenezwa. Ni sanduku la chuma juani. Likipata paa la pili lililonyanyuliwa juu yake, baraza pande mbili na madirisha yaliyokatwa vizuri, linakalika, ila ukishalipia hayo yote bei yake imekaribia ya nyumba.

Kuta za vyumba ziende na tofali za kufungamana. Zile za udongo na saruji zilizoendelezwa na NHBRA, wakala wa serikali ya Tanzania wa utafiti wa nyumba bora, zina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Huo ndio msingi wa vipimo vyote: kila chumba kiwe mafungu ya sentimita 30, yaani mita 2.4, 3.0, 3.6 au 4.2. Kiini cha mita 2.4 kwa 4.2 kinaingia kwenye mpango huo bila tofali kukatwa, na plaiwudi na bodi za dari zenye upana wa mita 1.22 na urefu wa 2.44 zinakaa bila mabaki mengi. Kenya, paneli za EPS kutoka kiwanda cha Shirika la Nyumba la Taifa huko Mavoko ni nyepesi na zinazuia joto vizuri. Kama unazipata, zitumie kwanza kwenye ukuta wa magharibi.

Karakana, lori na njia ya kupita

Kiini hakihitaji kiwanda kikubwa. Kinahitaji fundi chuma makini, fundi bomba mwenye mashine ya kuunganishia PPR, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA au, Kenya, ya EPRA, na banda lenye sakafu iliyosawazishwa. Pwani fremu iwe ya chuma kilichochovywa zinki, kwa sababu chumvi ya hewa haina huruma. Michoro ipitiwe na mhandisi aliyesajiliwa, kwa sababu halmashauri itaiulizia kwenye kibali, na kwa sababu fremu inayonyanyuliwa na kreni inapata mkazo ambao nyumba ya kawaida haiujui.

Kazi inayoharibika mara nyingi ni kukutanisha kiini na jamvi. Bomba la choo linachomoza kwenye zege mahali fulani, na tundu la kiini linashuka mahali fulani. Zikipishana sentimita 4, siku ya kreni inaharibika. Dawa yake ni karatasi moja ya plaiwudi. Itoboe matundu yote mara moja: choo, maji ya kuoga, maji safi, waya wa kuingia, waya wa ethi. Fremu itengenezwe juu ya plaiwudi hiyo karakana, kisha plaiwudi hiyohiyo iende kiwanjani, mabomba yapitishwe kwenye matundu yake, na zege limwagwe yakiwa yameshikiliwa. Usimruhusu fundi apime upya kwa futi. Kamba na futi vina mkono wa mtu. Plaiwudi ni ileile.

Kabla ya kufunga bodi, mabomba yajazwe maji kwa pampu ya mkono ya kupimia hadi bar 10 na yaachwe usiku kucha. Mshale wa geji ukishuka, ungio limepatikana likiwa bado linaonekana. Maji taka yazibwe chini, yajazwe hadi juu, yaangaliwe. Piga picha kila ukuta ukiwa wazi, futi ikiwa imenyooshwa ndani ya picha, ili baadaye ujue pa kutoboa na pa kutotoboa.

Kiini kilichotengenezwa kwa fremu ya chuma na bodi za saruji, kikiwa na vigae, kinaweza kukaribia tani 3. Uzito kamili akupe mhandisi. Lori lenye kreni linabeba hilo, lakini uliza linanyanyua kiasi gani mkono ukiwa umenyooshwa, kwa sababu uwezo unashuka sana kadiri mkono unavyokwenda mbali. Tembea njia nzima siku moja kabla. Angalia nyaya za umeme zilizolegea, kona ya duka la mangi, daraja la mbao juu ya mtaro.

Kwenye mitaa mingi lori halitafika, na huko Manzese au Kibera ndiko watu wanakohitaji zaidi bafu lililopimwa. Huko usiagize kiini kizima. Agiza ukuta wa mabomba peke yake, katika vipande viwili vinavyobebeka na watu, kila kimoja kikiwa na mabomba, vali na masanduku ya soketi ndani yake. Sakafu na kuta za bafu zijengwe papo hapo. Umepoteza urahisi kidogo. Kilicho muhimu zaidi, maungio yaliyopimwa, umebaki nacho.

Kuhusu bei, usitegemee kiini kimoja kiwe rahisi kuliko kujenga kawaida. Nafuu inakuja mkiagiza kumi kwa pamoja, ndugu, majirani au wanachama wa kikundi cha kukopeshana, kwa michoro ileile na plaiwudi ileile.

Vyumba vinavyofuata

Anza na kiini, chumba kimoja na baraza pana chini ya paa moja. Sakafu ya kiini ipande sentimita 45 au zaidi juu ya ardhi, maana mvua za masika zinajua njia zake. Kenchi za awamu ya kwanza ziishie mahali ambapo za awamu ya pili zitaendelea bila kubomoa, na nondo za lenta ziachwe zikichomoza, zimepakwa rangi zisipate kutu. Tawi la maji la baadaye liwe limezibwa kwa koki upande wa mashariki wa kiini, na paipu za waya ziwe na kamba ndani.

Siku ya kuhamia, kabla ya kuingiza hata kiti, fungua kila koki, jaza flashi, kisha funga vyote na usome mita ya maji. Irudie baada ya saa moja. Zima kila kifaa, uangalie LUKU. Kama mita ya maji imesogea, anza na vali moja moja kwenye ukuta wa mabomba. Kama yuniti zinapungua bila kitu kuwaka, zima breka moja moja hadi upate tawi linalovujisha, na umwite fundi aliyelifunga angali anadai malipo yake ya mwisho.